Upepo Haupungui

Maji yanapokupwa katika ghuba ya Palma, kaskazini kabisa mwa pwani ya Cabo Delgado, bahari hurudi nyuma na kuacha madimbwi mapana, yenye kina cha magoti ya mtoto. Hapo ndipo pa majaribio. Mtoto huja na karara la mnazi, lile ganda gumu linalofunika maua ya nazi kabla hayajachanua. Limechongoka ncha zote mbili, limebonyea katikati. Nusu ya kazi ya mwunda dau imekwisha kufanyika juu mtini. Kijiti kinakuwa mlingoti, kipande cha mfuko wa plastiki kinakuwa tanga, uzi uliochomolewa kwenye wavu mkuukuu unakuwa demani. Kidau kinatuliwa majini. Upepo wa kusi unakishika, kinainama, kinalala ubavu, kinajaa maji. Mtoto anakiokota, anakimwaga, anakikazia macho.

Mbali sana na hapo, juu ya meza ya mpenda reli ndogo huko Uingereza, limesimama basi jekundu la ghorofa mbili lenye urefu wa sentimita 11. Limetengenezwa kwa aloi ya zinki iliyoyeyushwa ikasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, kisha likapakwa rangi na kuchapwa maandishi ya kusomwa kwa kioo cha kukuzia: namba ya njia, jina la kituo cha mwisho, tangazo la biashara ubavuni, namba ya usajili. Ni mfano wa Routemaster, basi lililoanza kubeba abiria London mwaka 1956 na kuondolewa katika njia za kawaida Desemba 2005, baada ya kuundwa mabasi 2,876 ya aina hiyo. Kila kipimo chake kimegawanywa kwa 76 na ushei, ili liweze kusimama kando ya kituo cha treni za ukubwa unaoitwa OO bila kuonekana jitu wala kibete. Ukichungulia dirishani utaona viti vimepangwa safu kwa safu. Dereva hayupo. Abiria hawapo.

Basi hilo halizami wala haliendi popote. Kidau kinakwenda, na kinazama. Kipi kati ya viwili hivi kimesema kweli kuhusu kitu kilichoigwa?

Swali hilo linaonekana la mchezo, lakini katika pwani hii, pwani ya watu waitwao Wamwani, limekaa juu ya swali jingine zito zaidi, ambalo dini imelijadili kwa zaidi ya miaka elfu moja: mwanadamu anapotengeneza mfano wa kitu, anafanya nini hasa? Anakisifu? Anakiiba? Anashindana na aliyekiumba?

Katika vijiji vya huku mtu wa kuulizwa ni mwalimu wa chuo cha Kurani, na jina hilo la mwalimu limeingia hata katika Kireno cha kaskazini mwa Msumbiji. Tuseme mtoto wa karara anamwendea.

"Mwalimu, ni haramu kuunda kidau?"

"Kina roho hicho, mwanangu?"

"Hakina."

"Basi unda."

Jibu hilo fupi lina ukoo mrefu. Hadithi za Mtume zinawaonya vikali watengenezaji wa taswira kwamba Siku ya Kiyama watatakiwa wavitie roho walivyovitengeneza, na hawataweza. Imepokewa pia kwamba mtu mmoja aliyekuwa akiishi kwa kazi hiyo alimwendea sahaba Ibn Abbas, naye, baada ya kumsimulia onyo hilo, akamwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Mlango ukaachwa wazi upande huo. Chombo, gari, nyumba, mnazi: vyote hupita. Kuna hata mlango mdogo wa watoto. Bibi Aisha, mke wa Mtume, alikuwa na wanasesere, na katikati yao farasi mwenye mabawa mawili ya kitambaa. Alipoulizwa farasi gani huyo mwenye mabawa, akajibu kwamba Nabii Suleiman alikuwa na farasi wa namna hiyo, na Mtume akacheka.

Kwa hiyo kidau kimeruhusiwa, na basi la zinki nalo. Lakini mtoto hajamaliza. "Na nikikichorea macho omoni, kama chombo cha babu?" Hapo mwalimu ana haki ya kunyamaza kidogo, maana vyombo vya pwani hii kwa karne nyingi vimesafiri vikiwa na macho.

Kisa cha mtepe ndicho kinachostahili kusimuliwa hapa. Mtepe ulikuwa chombo kilichoshonwa, mbao kwa mbao, kwa kamba za makumbi ya nazi, bila kutegemea msumari wa chuma. Mabaharia wa Kiyunani wa karne ya kwanza walijua kwamba pwani hii ina vyombo vya kushonwa, hata jina la bandari yao ya Rhapta limetokana na neno la kushona. Vasco da Gama alipopita mwaka 1498, watu wake waliandika kuhusu vyombo vya aina hiyo katika bandari ya Kisiwa cha Msumbiji. Mtepe wa karne za mwisho, uliokuwa kazi ya mafundi wa visiwa vya Wabajuni, ulikuwa na tanga la mkeka la pembe nne, macho yaliyochorwa mbele, na omo iliyorefuka ikapinda kama shingo. Simulizi za pwani zinasema shingo hiyo ni ya ngamia wa Mtume.

Hebu tulitazame jambo hilo polepole. Watu waliokatazwa kuchonga kiumbe chenye roho walisafiri ndani ya ngamia. Hawakuona ubaya, wala hakuna aliyesujudia omo. Ngamia alikuwa ndani ya chombo kama maana inavyokuwa ndani ya neno. Usipoambiwa, unaona ubao uliopinda.

Mtepe ulitoweka baharini katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Haukubaki hata mmoja mzima. Kilichobaki ni picha chache, maelezo ya wasafiri, na mifano midogo iliyohifadhiwa katika makumbusho, mingine ya urefu usiozidi mkono wa mtu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mafundi walipounda upya mtepe mkubwa ili uwekwe katika jumba la Beit al-Ajaib, Unguja, hawakuwa na mzee wa kuwaonyesha. Ilibidi wajifunze kutoka kwa vitu hivyo vidogo. Tumezoea kuambiwa kwamba mfano ni mtoto wa kitu halisi. Kwa mtepe, kitu halisi ndicho kilichozaliwa na mfano.

Kiswahili hakishangazwi na hilo, kwa sababu tangu zamani hakikutenganisha mambo ambayo lugha nyingine zimeyatenganisha. Neno mfano ni kitu kidogo kinachofanana na kikubwa. Ni hadithi fupi yenye funzo. Ni jambo moja linalotajwa ili mengine yaeleweke. Kiambishi ki- nacho kina kazi mbili zinazokaa pamoja bila ugomvi. Dau likipunguzwa ni kidau, gari ni kigari. Lakini ki- hiyohiyo hutaja namna: mtu huishi kifalme, hulia kitoto, huvaa kipwani. Kwa masikio ya Mswahili, kuwa mdogo na kuwa kwa namna ya kitu ni majirani wa ukuta mmoja.

Kiarabu kilichotupa maneno ya dini kimekwenda mbali zaidi. Mzizi uliotuletea methali na mithili ndio huohuo uliozaa neno la Kurani la sanamu, tamathili. Methali na sanamu ni ndugu wa tumbo moja. Na neno hilo la sanamu limetajwa katika Kurani kwa sura mbili zilizo kinyume. Katika sura ya Mitume, Ibrahimu anawauliza watu wake ni nini hizi tamathili wanazozikalia, kisha anazivunja. Katika sura ya Saba, majini wanamtengenezea Suleiman tamathili, pamoja na mabakuli makubwa kama mahodhi, na hapo zinatajwa katika orodha ya neema. Wafasiri walilishughulikia jambo hili kwa uangalifu. Wapo waliosema sheria ya wakati wa Suleiman iliruhusu, na wapo waliosema zilikuwa za vitu visivyo na roho. Vyovyote iwavyo, neno ni moja. Kilichobadilika ni alichofanya mtu mbele ya kile kitu: mmoja alikikalia, mwingine alikitumia akaendelea kumshukuru Mola wake.

Plato, aliyeishi Athens karne nne kabla ya Nabii Isa, angeona mjadala huu unapoteza muda. Kwake yeye mwigaji yuko daraja ya tatu kutoka kwenye ukweli. Lipo wazo la kitanda, yupo seremala anayetengeneza kitanda, kisha yupo mchoraji anayechora sura ya kitanda bila kujua lolote kuhusu kukitengeneza. Kosa kubwa la mwigaji, kwa Plato, ni ujinga. Anaonyesha asichokijua. Na anayekijua kitu kuliko wote, alisema, ni yule anayekitumia.

Shutuma hiyo inalifikia basi la zinki. Aliyeliweka mezani si lazima ajue gia za Routemaster. Kwa mtoto wa Palma haifiki, kwa sababu yeye ndiye mwunda, ndiye nahodha, ndiye mtumiaji, na hakimu wake si mtazamaji. Ni maji.

Na hapa bahari inatoa somo ambalo wanafalsafa wa vitanda hawakulipata. Chukua jahazi la kweli, lipunguze mara kumi kwa usahihi mkamilifu: urefu mara kumi, upana mara kumi, mlingoti mara kumi. Tanga, kwa kuwa lina urefu na upana, litapungua mara mia. Uzito, kwa kuwa una urefu, upana na kina, utapungua mara elfu. Galileo alilieleza jambo la aina hii katika kitabu chake cha mwaka 1638, akionyesha kwa nini jitu haliwezi kuwa na mifupa iliyo mifupa ya mtu wa kawaida tu iliyokuzwa. Kwa chombo cha tanga matokeo ni mabaya. Nguvu ya upepo inayokilaza hutegemea eneo la tanga na kimo chake, kwa hiyo hupungua mara elfu. Nguvu inayokiinua hutegemea uzito na upana wake, kwa hiyo hupungua mara elfu kumi. Chombo kimedhoofika kuliko adui yake, tena mara kumi zaidi.

Maana upepo haukupunguzwa. Kusi inayovuma juu ya dimbwi la Palma ni ileile inayolijaza tanga la mashua inayotoka Quionga. Mtoto amepunguza kila alichoweza kukishika. Asichoweza kukishika kimebaki na ukubwa wake.

Ndiyo maana kidau kilicho sahihi kwa macho hulala ubavu, na kinachosimama wima si sahihi kwa macho. Vijana wanaocheza hapo wanalijua hilo bila kumtaja Galileo. Tanga wanalikata liwe dogo kuliko inavyostahili. Chini wanafunga jiwe au kipande cha chuma, farumi nzito isiyo na uwiano na chombo. Pembeni wanatoa mirengu mirefu kupita kiasi, hata kidau kinaonekana kama buibui wa maji. Mzee wa ngalawa akikitazama atacheka, kisha atanyamaza, kwa sababu kinakwenda. Kimepotosha sura ili kisipotoshe mwendo.

Waingereza nao walilazimika kuungama dhambi ya namna hiyo, ingawa walijaribu kuificha chini ya behewa. Kipimo cha OO ni milimita 4 kwa kila futi moja, sawa na mara 76.2. Reli halisi ya Uingereza ina upana wa milimita 1,435 kati ya chuma na chuma. Ukiigawanya kwa kipimo hicho unapata milimita 18.83. Lakini treni za OO hukimbia juu ya reli ya milimita 16.5. Sababu yake ni ya kawaida kabisa. Treni za Uingereza ni nyembamba kuliko za bara Ulaya, na mota za umeme za zama za mwanzo hazikuenea ndani ya mwili mdogo kiasi hicho. Mwili ukakuzwa kidogo, reli ikaachwa ilivyokuwa. Tangu hapo mamilioni ya treni ndogo zinatembea kama mtu mzima aliyebanwa na viatu vya mtoto. Wapo mafundi wachache waliokataa. Wanatandaza kwa mikono yao reli ya milimita 18.83, kazi ya miaka, ili dhamiri itulie.

Hata basi lililosimama halina usafi kamili. Routemaster tupu lilikuwa na uzito wa tani 7 na ushei. Likipunguzwa mara 76.2 kwa pande zote tatu, linapaswa kuwa na gramu 17 hivi, uzito wa vijiko vichache vya sukari. Basi la zinki lina uzito mara kadhaa ya huo, na wanunuzi wanaupenda, kwa sababu mkono hudhani kizito ndicho halisi. Rangi nayo ni shida. Wekundu uleule wa London ukipakwa juu ya kitu cha sentimita 11 huonekana mzito mno, hivyo mafundi makini huupunguza kwa nyeupe kidogo, kuiga hewa iliyopo kati ya jicho na basi la mbali. Ili kionekane kweli, kimepakwa rangi isiyokuwa yake.

Basi tofauti kati ya meza ya Uingereza na dimbwi la Palma si kwamba mmoja anasema kweli na mwingine anadanganya. Kila mmoja amechagua mahali pa kusema kweli, na huko kwingine ameacha. Huyu amelinda sura akatoa mwendo. Yule amelinda mwendo akatoa sura. Hakuna mfano unaoweza kuwa mwaminifu kwa kila kitu. Ungekuwa hivyo, ungekuwa kitu chenyewe, na dimbwi lisingekitosha.

Ukitaka kuona uchaguzi huo waziwazi, tazama gari la waya, maana nchi kavu nako watoto wa Cabo Delgado wana karakana yao. Waya mnene unapindwa kuwa fremu. Magurudumu ni vifuniko vya makopo au duara zilizokatwa kwenye kandambili iliyochoka. Mlango hakuna, kioo hakuna, kiti hakuna. Ni mchoro wa gari hewani. Lakini kutoka kwenye ekseli ya mbele kunapanda waya mrefu hadi kifuani kwa mtoto, na mwisho wake kuna usukani wa mviringo. Mtoto anatembea nyuma ya gari, anakata kona, magurudumu ya mbele yanageuka kweli. Akipita mwenzake wanapishana kwa kushika kushoto, kama magari ya Msumbiji yote, nchi ambayo iliendelea na upande wa kushoto hata baada ya Ureno kuhamia kulia mwaka 1928. Machimbombo, kama basi linavyoitwa katika Kireno cha Msumbiji, likitengenezwa kwa waya halitakuwa na tangazo ubavuni. Litakuwa na usukani. Kwa mtoto huyo, gari ni kitu kinachotii mkono. Kwa mkusanyaji wa mifano ya kale, basi ni kumbukumbu isiyotaka kubadilika. Kila mmoja amejibu swali la nini kiini cha gari, na hakuna aliyeambiwa kwamba ameulizwa.

Bara kidogo, juu ya uwanda wa Mueda, Wamakonde wamelijibu swali hilo kwa nyuso za watu. Kinyago cha ngoma ya mapiko huchongwa kwa mti mwepesi, mara nyingi hutiwa nywele halisi za binadamu, na huweza kuwa uso wa mzee, wa askari, wa mgeni. Kwa mwalimu wa pwani hicho ni kitu cha kukaa nacho mbali. Lakini hata kwa Wamakonde uso huo, ukining'inia tu, haujakamilika. Huwa na kitu unapovaliwa, ngoma inapolia, mchezaji anapoyumba mbele ya kijiji. Katika jumba la makumbusho kinyago ni basi la zinki: sura imelindwa vizuri, mwendo umekwenda zake. Majirani hao wawili, wa pwani na wa uwandani, wamepishana katika hukumu, lakini wote wawili wanajua kwamba kitu kisichofanya kazi yake ni nusu.

Miongoni mwa majina ya Mwenyezi Mungu limo la al-Badii, ambalo wanazuoni hulieleza kuwa ni Mwenye kuanzisha bila kutanguliwa na mfano. Mbingu hazikunakiliwa kutoka mahali. Maelezo hayo yanamweka mwanadamu mahali pake bila kumdhalilisha: yeye kila anachotengeneza kina kitu nyuma yake. Dau lina dau la babu nyuma yake, na la babu lina la babu yake, mpaka unafika kwa Nabii Nuhu, ambaye naye, kwa mujibu wa Kurani, hakuunda safina kutoka kichwani mwake. Aliunda chini ya uangalizi wa Mungu na kwa wahyi. Kwa hesabu hiyo hata mwunda jahazi la tani nyingi anatengeneza mfano. Ukubwa haumwondoi kwenye safu ya mtoto wa karara.

Kama ni hivyo, onyo la hadithi linasomeka vizuri zaidi. Kosa si kufanana. Kosa ni kusahau deni, kitu kidogo kikae mahali pa kikubwa na kudai heshima yake. Watu wa Ibrahimu walikuwa na mifano iliyosahau kuwa mifano. Kidau chenye mirengu kama miguu ya buibui hakiwezi kusahau; kila kasoro yake inatangaza kwamba kuna chombo kingine, kikubwa, kinachotajwa. Labda mfano mkamilifu mno ndio wa kuogopwa kidogo, ule unaofanya jicho litosheke lisitafute zaidi. Hata hivyo zinki nayo ina njia yake ya kukumbusha. Mifano mingi ya miaka ya 1930 iliyotoka kiwanda cha Meccano, Liverpool, kwa jina la Dinky, ilimiminwa kwa aloi iliyochafuliwa na risasi kidogo. Baada ya miongo kadhaa aloi hiyo huvimba, hupasuka, na mwisho humong'onyoka kama biskuti, ndani ya kabati iliyofungwa, bila mtu kuigusa. Haina dawa.

Lipo jambo moja ambalo mfano wowote, wa waya, wa karara au wa zinki, unaliacha nje, na pwani hii ina sababu ya kulifikiria kuliko nyingine. Ni watu waliomo. Tangu shambulio la Oktoba 2017 huko Mocímboa da Praia, vita vimewang'oa mamia ya maelfu ya wakazi wa mkoa huu. Palma yenyewe ilivamiwa tarehe 24 Machi 2021. Kabla ya hapo, mwezi wa Oktoba 2020, vyombo vya tanga na vya mashine viliteremsha maelfu ya watu waliokimbia kwenye ufuo wa Paquitequete, katika mji wa Pemba wa mkoa huuhuu, familia nzima nzima, na magodoro na kuku. Mwishoni mwa mwezi huo chombo kimoja kilizama kati ya visiwa vya Ibo na Matemo kikaua makumi ya watu. Katika chombo kilichojaa hivyo, farumi ni miili ya watu, na kila mmoja akisogea, hesabu ya kulala na kuinuka inabadilika. Hilo halitengenezeki kwa kipimo chochote. Mtu hapunguzwi mara 76.

Pengine ndiyo sababu mabasi yale mezani yameachwa matupu. Wapo wapenda reli ndogo wanaonunua abiria wa plastiki na kuwabandika vitini mmoja mmoja, na wapo wanaosema basi lililojazwa hivyo haliwapendezi. Watu wanaonekana wamekufa wakiwa wameketi. Tupu lina heshima zaidi. Linaacha nafasi kwa anayelitazama akumbuke nani alikaa pale, njia ipi, mwaka gani, na mama yake alishuka kituo gani.

Kidau nacho ni kitupu. Mtoto wa Palma hakichongei mabaharia. Mwalimu akimwuliza sababu, huenda akajibu kwa fikihi, kwamba mtu ana roho. Huenda akajibu kwa uunda, kwamba watakielemea. Majibu yote mawili ni sahihi, na mwenye akili hatayatenganisha haraka.

Kwa sasa hana muda wa kujibu. Maji yameanza kurudi, dimbwi linaungana na bahari, na upepo umegeuka kidogo upande wa mikoko. Amesukuma mrengu wa kushoto nje kwa nyanda mbili, ameupunguza ujiti wa juu wa mlingoti kwa meno, na jiwe la chini amelisogeza nyuma. Macho aliyoyachora omoni kwa mkaa yamefutika nusu kwa maji ya chumvi. Anakitua tena. Kinayumba, kinatafuta, kinainama upande wa tanga kama kitakachokwenda chini, kisha mrengu unagusa maji na kinakaa.

Anakifuata kwa miguu, maji yakimpanda magotini.